Ujumbe wa Herufi Nne

Alichokiona kwanza Agnetha asubuhi ile kilikuwa kikombe.

Kilikuwa juu ya jiwe karibu na mafiga, kimeoshwa na kufunikwa kifudifudi ili kikauke. Kikombe cha bati chenye mdomo wa buluu, cha Mzee Modest. Kwa siku tatu alizowapikia wageni wale, Agnetha hakuwahi kumwona mzee huyo akiosha kikombe. Alikunywa chai yake, akabakiza kidogo na majani chini, akakiacha alipokaa, kisha akaita, "Mama yangu mdogo, mtoto wako ameshiba." Mzee alikuwa na miaka sabini na minne, Agnetha ishirini na miwili. Agnetha alicheka ndani kwa ndani tu, akaokota kikombe.

Leo kimeoshwa. Alikiinua, akachungulia ndani, akakirudisha kama alivyokikuta. Hakumwambia mtu. Agnetha hakuwa na desturi ya kuwaambia watu mambo. Hata akiulizwa chumvi iko wapi alionyesha kwa kidole.

Ilipofika saa tisa alasiri kikombe kilikuwa bado palepale juu ya jiwe, Mzee Modest hajaonekana, na baba yake Agnetha alikuwa amekaa chini miguu mitupu, mikono ikiwa ndani ya pingu. Kabla ya jua kuzama angeshushwa mlimani na kupelekwa kituoni Tabora. Hivyo ndivyo walivyosema.

Wageni wenyewe walikuwa kumi na mmoja, klabu ya mazoezi ya wastaafu kutoka Dar es Salaam, wote na fulana za kijani. Kila Jumamosi hukimbia pamoja barabarani kule kwao. Mwaka huu waliamua likizo yao iwe ya kutembea: siku nne kwa miguu katika njia ya zamani ya misafara, kupitia vilima vilivyo mbele ya Igalula. Raymundi Ngollo, baba yake Agnetha, alikuwa mwongoza njia wao. Hakuna aliyeijua njia ile kama yeye. Mahali ambapo wengine waliona nyasi tu, yeye aliona mfereji mwembamba uliochimbwa na nyayo za wapagazi, miaka na miaka, wakienda pwani na mizigo na kurudi na nguo.

Kilima walichopiga kambi kiliandikwa kwenye ratiba yao "Mlima Lugulu". Agnetha alipomsikia mwenyekiti wao, Bwana Adriano, akiutaja kwa sauti kubwa, ilibidi ainamie sufuria. Lugulu kwa Kinyamwezi ni mlima. Watu wazima kumi na mmoja walikuwa wamesafiri kwa treni usiku kucha kuja kupanda Mlima Mlima. Bwana Adriano alikuwa amepanda Kilimanjaro mara mbili na hakuacha siku ipite bila kukumbusha. Milima ya huku aliiita vichuguu, lakini kwenye vichuguu hivyo alihema kuliko wote.

Katika kundi zima ni wawili tu waliokuwa na asili ya hapa: Mzee Modest na mdogo wake, Bi Consolatha, mama wa miaka sitini na minane mwenye goti bovu na sauti ya upole. Walizaliwa upande wa pili wa vilima, kijiji cha Mwakashindye, ambacho hakipo tena; watu wake walihamishwa wakati wa Operesheni ya Vijiji na nyumba zikaachwa zianguke. Kila jioni Mzee Modest aliongea habari za huko. Alisimulia jinsi walivyopanda mlima huu wakiwa watoto kutazama moshi wa treni ukitambaa kule Igalula, na babu yake aliyekuwa mpagazi, ambaye hata uzeeni alilala na kamba ya mzigo chini ya kichwa. Alisimulia pia kwamba wapagazi waliporudi hawakuingia kijijini na vumbi la njiani. Walisimama kwenye maji ya mwisho, wakaoga, wakavaa nguo safi, ndipo wakaingia kwa mama zao.

Siku ya kwanza mzee aliomba kundi lipinde nusu siku lipite Mwakashindye. Bwana Adriano alipitisha kura, na ratiba ikashinda.

Na leo alfajiri mzee hakuwamo hemani mwake. Saa mbili walipoanza kuhangaika, Bi Consolatha aliinua simu yake akasema kaka amemwandikia kwamba anakuja. Basi wakangoja. Wakangoja mpaka saa sita, Bwana Adriano akaanza kupekua mizigo, na ndani ya kiroba cha Raymundi akatoa buti za Mzee Modest, zile nzuri za kahawia, zimefungwa kamba pamoja. Hapo akapiga simu polisi.

Polisi aliyekuja aliitwa Sajini Mwanahawa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijivu na raba zilizojaa vumbi, na alipanda mlima ule bila kusimama, askari wake kijana akimfuata nyuma akitweta. Alimwamkia kila mzee shikamoo, hata Raymundi aliyekwisha kuwekwa chini kama mwizi, na ndipo akafungua daftari. Aliuliza watu wote maswali yaleyale matatu: mara ya mwisho ulimwona wapi, alikuwa amevaa nini, na mkononi alishika nini. Aliyeanza kueleza anachofikiri, alimkatisha kwa adabu.

"Mawazo yako nitayafuata baadaye, baba," alimwambia Bwana Adriano. "Sasa nataka macho yako tu."

Kutoka kwenye macho yao alipata kidogo. Jana jioni mzee alikula vizuri. Aliomba maji ya moto akanyoa ndevu. Mwenzake wa hema la jirani alimsikia akitoka na fimbo yake kabla hakujapambazuka na akadhani anaenda kujisaidia. Ndani ya hema lake sajini alikuta koti, na ndani ya koti paketi ya dawa za moyo, kidonge cha asubuhi na cha mchana vyote vikiwa havijaguswa. Aliyaandika hayo polepole kuliko mengine.

Kisha akamhoji Raymundi, ambaye askari alikuwa amemtia pingu. Mahojiano yalikuwa mafupi, maana Raymundi naye si mtu wa maneno. Aliulizwa buti zimefikaje kwenye kiroba chake. Akasema hajui, ameamka akazikuta. Aliulizwa katambuga zake ziko wapi, maana watu wote walimwona siku tatu na katambuga za tairi na leo yuko peku. Akasema hajui, ameamka hakuzikuta.

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Usiku wa maajabu," akasema. "Viatu vinatembea vyenyewe."

Agnetha alisikia kicheko kile kikimchoma masikio. Alikuwa na jambo la kusema, na lilikuwa dogo sana. Juzi, Agnetha akiwa anamenya vitunguu, Mzee Modest alikaa karibu akaangalia miguu ya Raymundi iliyopasuka visigino. "Buti hizi," alisema, "zingemfaa baba yako kuliko mimi. Mimi niliondoka hapa na katambuga." Ni hayo tu. Tangu saa sita Agnetha alikuwa ameyashika maneno hayo mdomoni kama mtu aliyeshika maji, na kila alipotaka kuyatoa aliona fulana zile kumi za kijani zimemgeukia, akafunga mdomo tena.

Sajini aliomba chai. Agnetha alipomletea, sajini hakunywa. Alikuwa anatazama jiwe la mafiga.

"Vikombe vyote umeviweka ndani ya beseni," alisema. "Hiki mbona kiko peke yake?"

Hapo palikuwa na mtu mmoja tu, tena mwanamke, tena aliyeuliza habari ya kikombe. Agnetha akaweza. Alisema kwa kunong'ona kwamba ni cha mzee, kwamba hakuwahi kukiosha, leo amekiosha. Na kwa kuwa mlango umekwisha kufunguka, akasema na habari ya buti. Sajini hakuandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna kingine.

"Shati jeupe," alisema Agnetha. "Alikuwa nalo kwenye begi, limepigwa pasi, amelizungushia gazeti. Juzi aliniomba nilianike juani lisiingie unyevu. Leo umetoa vitu vyote vya begi, afande, na shati sikuliona."

Sajini Mwanahawa aliweka chai yake chini. "Wewe mdogo wangu umekaa na mambo yote haya tangu asubuhi?"

Agnetha akainamisha kichwa.

Walitoka pamoja, sajini na Raymundi na askari, na Agnetha nyuma yao kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Upande wa magharibi, mahali udongo ulipokuwa laini, kulikuwa na alama za katambuga zikiteremka. Bwana Adriano, aliyewafuata, alinyoosha kidole. Zile ni za mwongoza njia, alisema, hata mtoto anajua. Alimteremsha mzee huku, akamaliza alichomaliza, akatupa viatu. Sajini hakubisha. Alimwomba Raymundi atembee pembeni ya alama zile, hatua kumi, kama anavyotembea siku zote. Akapima kwa kamba. Hatua moja ya Raymundi ilimeza karibu mbili za zile. Na pembeni ya alama za katambuga, upande wa kulia, kila baada ya hatua mbili, kulikuwa na tundu dogo la fimbo.

"Huyu ni mzee," alisema sajini. "Viatu ni vya Raymundi, miguu ni ya mzee. Walibadilishana, ila mmoja alikuwa amelala."

Agnetha alidhani yamekwisha. Alikwisha kuanza kumtazama baba yake. Lakini Bwana Adriano hakuwa mjinga, na sasa alisema jambo ambalo sajini mwenyewe alilikubali kwa kichwa. Kama mzee aliondoka kwa hiari yake, alisema, haidhuru. Lakini aliandika kwamba anakuja. Mtu aliyeandika anakuja alikuwa na nia ya kurudi, na ni saa kumi sasa, hajarudi, dawa hana, simu imezimika. Kuna mtu au kitu kilichomzuia njiani. Na nani anayeijua njia hii?

"Hapo ndipo penye fundo," alisema sajini. Akamwamuru askari amrudishe Raymundi kule kwenye kivuli cha mwamba, mbali na watu. Pingu hazikufunguliwa.

Walirudi kambini. Sajini alimwomba Bi Consolatha simu. Mama yule alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kanga imemfunika magoti, amekaa hivyo tangu asubuhi bila kula. Alitoa simu. Sajini akaisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo watu wasiotaka kuvaa miwani mbele za watu, akasoma kwa sauti.

"Saa kumi na moja na dakika hamsini na nane. *Naja*." Akatafuta chini ya kioo kwa kidole. "Ndiyo hiyo tu? Neno moja?"

"Kaka hapendi kuandika," alisema Bi Consolatha. "Naja. Nakuja."

Agnetha alikuwa ameshika beseni la vikombe. Alilishusha chini taratibu.

Alilijua neno lile. Alilijua kuliko mtu yeyote pale mlimani, kuliko mtu yeyote Tabora nzima. Asubuhi alikuwa ameambiwa tu kwamba mzee anakuja. Neno lenyewe hakulisikia. Sasa amelisikia, na lilimrudisha kwenye chumba chenye madawati na harufu ya chaki ambacho hakutaka kukikumbuka.

Fulana za kijani zilikuwa zimekusanyika zote. Bwana Adriano alikuwa anasema kwamba muda unakwenda, afadhali mtuhumiwa apelekwe akaulizwe vizuri. Akasema "akaulizwe vizuri" kwa namna ambayo Agnetha aliielewa. Akaona kwa mbali mgongo wa baba yake, shati lililotoboka begani, na nyayo zake mbili nyeupe kwa vumbi.

"Afande," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, haikufika. Akasema tena. Wakageuka wote, kumi pamoja, kama alivyoogopa.

"Hilo neno siyo Kiswahili."

Bwana Adriano alitaka kusema kitu, sajini akainua mkono.

"Kwa Kinyamwezi, kuja ni kwenda," alisema Agnetha, akiwa anatazama vidole vya miguu yake. "Mtu akitoka nyumbani anaaga hivyo. Naja. Ni kama kusema, mimi huyo naenda. Mzee hakuandika kwamba anarudi. Alikuwa anaaga."

 Kisha Bi Consolatha akasema, kwa upole uleule, kwamba huenda binti anasema kweli, lakini wao wamekaa pwani miaka hamsini, Kinyamwezi kimewatoka kabisa, yeye na kaka yake huandikiana Kiswahili siku zote. Angejuaje?

Sajini Mwanahawa alirudisha simu. Alikubali kwa kichwa. Kwao pia, alisema, Tabora mjini, tangu mababu zao waje na misafara kutoka Manyema, nyumbani ni Kiswahili tu. Lugha ikishatoka imetoka. Akamshika Agnetha mkono akamwongoza kando, mpaka nyuma ya hema la jiko.

"Unaweza kusema uongo mdogo?" alimnong'oneza.

Agnetha akatikisa kichwa kwamba hawezi.

"Leo utaweza. Kwa ajili ya baba yako."

Baada ya dakika chache Agnetha alipita na beseni lake nyuma ya kiti cha Bi Consolatha. Hakusimama. Alisema tu, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea, kwamba mama, siafu wanakupanda kwenye kanga.

Bi Consolatha aliruka. Goti bovu na yote, aliruka kutoka kwenye kiti, akaikung'uta kanga kwa mikono miwili, akakanyaga chini mara tatu. Hakukuwa na siafu hata mmoja. Aliinua uso akamwona sajini amesimama mbele yake, daftari limefungwa.  Watu wengine hawakuelewa kilichotokea. Waliona tu mama mtu mzima akicheza ghafla. Lakini yeye alielewa. Akakaa tena, polepole, na uso wake ukawa wa mtu aliyetua mzigo.

"Kinyamwezi hakijakutoka, mama," alisema sajini.

"Hakitoki," alisema Bi Consolatha.

Akaeleza yote pale pale. Mwaka sitini na nne, kaka yake akiwa na miaka kumi na mitatu na yeye saba, Modest aliondoka nyumbani alfajiri kwenda kupanda treni Igalula, amechaguliwa shule ya mbali. Alikuwa amevaa katambuga na shati jeupe la kushonewa na mama. Mama alikuwa anasonga ugali wa njiani. Modest alisimama mlangoni akasema, naja. Mama hakugeuka, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka mtoto aone. Ndilo neno la mwisho mama alilolisikia kwake, maana nauli ya kurudi likizo haikupatikana. Mama alifariki akiwa kaka yuko kazini mbali, na habari ilifika baada ya maziko. Kisha kijiji chenyewe kikahamishwa. Miaka sitini na moja kaka yake alisema atarudi kwa miguu yake, kama alivyotoka, aingie kwa mama ameoga na kuvaa shati jeupe, kama babu yao alivyokuwa akirudi.

"Watoto wake wamekataza asitembee peke yake. Mwenyekiti amekataza ratiba isivunjwe. Nilipoona lile neno nilijua ameondoka. Nikasema anakuja ili msimkimbilie. Nilitaka afike kwanza." Akafuta pua kwa pembe ya kanga. "Kila nilipotaka kusema, nilijiambia bado nusu saa. Bado kidogo, atakuwa amefika."

"Na huyu baba?" aliuliza sajini, akielekeza kidevu kwenye mwamba.

 Bi Consolatha alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka kwenye mwamba, na watu wote wakamwona akimpigia magoti Raymundi kwa goti lile bovu. Maneno aliyomwambia yalikuwa ya Kinyamwezi. Raymundi alijaribu kumwinua, lakini pingu zilimzuia, na askari akatafuta ufunguo mifuko yote mitatu kabla ya kuukumbuka shingoni.

Aliyeijua njia ya Mwakashindye alikuwa mmoja tu. Sajini alimwambia Raymundi avae buti zile, ni zake. Zilimkaa vizuri. Walishuka wanne, sajini na Raymundi na Agnetha na askari aliyebeba maji na dawa; Bi Consolatha na Bwana Adriano wakazunguka na gari la polisi kwa njia ya chini. Bwana Adriano hakusema kichuguu tena.

Alama za katambuga ziliwaongoza. Pale mzee alipopumzika palikuwa na nyasi zilizokaliwa na matundu ya fimbo. Mara mbili, mara nne, halafu kila baada ya hatua hamsini. Sajini alihesabu kimya kimya na mwendo wake ukaongezeka. Kwenye kijito, maji ya mwisho kabla ya bonde, walikuta ukurasa wa gazeti umekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe juu usipeperuke. Agnetha alilijua gazeti lile. Ndilo lililokuwa limezungushiwa shati.

Mwakashindye ilikuwa ua wa minyaa tu. Minyaa haifi, nyumba zilikwisha kuwa udongo, lakini ua ulikuwa umesimama, umekuwa mrefu, mviringo mzima wenye mlango mmoja. Ndani Mzee Modest alikuwa amekaa chini ameegemeza mgongo, shati jeupe limelowa jasho, uso wa kijivu, katambuga ziko pembeni na miguu ina malengelenge. Mbele yake mawe matatu ya mafiga yalikuwa yamefukuliwa kutoka kwenye udongo na kufutwa vumbi. Alikuwa hai. Sajini alimpa kidonge na maji, akamshika mshipa wa mkono akitazama saa, na baada ya muda mrefu akashusha pumzi.

Mzee alimwona Raymundi na buti miguuni. Akatabasamu.

"Zimekuenea," alisema.

Alipoona pingu kiunoni kwa askari na alama nyekundu kwenye mikono ya Raymundi, tabasamu likamtoka. Hakuwa amefikiria hilo. Alidhani ameacha zawadi, na kumbe ameacha ushahidi. Akamtaka Raymundi radhi. Raymundi alisema hakuna neno, mzee, pumzika, gari linakuja. Halafu akaenda kukusanya kuni, maana jua lilikuwa limeinama na mawe matatu yaliyofutwa vumbi bila moto yalimsumbua macho. Agnetha akainjika maji kwenye mafiga ya mama yake Mzee Modest. Tangu watu wahamishwe hapakuwa na moshi mahali pale.

Gari lilipofika, Bi Consolatha aliingia ndani ya ua akichechemea, akakaa kando ya kaka yake.  Bwana Adriano alibaki nje ya minyaa, kofia mkononi.

Sajini alikaa juu ya gogo na daftari lake. Ilibidi aandike maelezo, alisema, na kuna kitu bado hakimkai. Yule mama alikuwa na sababu yake ya kulijua lile neno. Lakini limeandikwa kwenye simu, limesomwa na mtu wa Kiswahili katikati ya watu wa Kiswahili. Hata Mnyamwezi mwingine angelisikia "nakuja" akapita.

"Wewe ulilishika palepale, mdogo wangu. Kwa nini?"

Agnetha alichochea moto. Baba yake alikuwa upande wa pili wa mafiga, anafungua kamba za buti na kuzifunga tena, bado anazizoea. Mtu yeyote akiuliza kwa nini binti yake aliishia darasa la tano, Raymundi husema ni kosa lake yeye: mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye akawa porini na wageni, sare ikachanika na hakuwepo wa kununua nyingine. Amelisema hilo mbele ya watu mara nyingi, kila mara akitazama chini. Na Agnetha alimwacha aseme.

"Siku yangu ya kwanza darasa la kwanza," alisema, "nilikuwa sijui Kiswahili. Nilijua kuandika jina langu, baba alikuwa amenifundisha kwa kijiti. Mwalimu akasema, anayejua kuandika jina lake aje. Nikasikia aje. Kwetu aje ni aende. Nikafurahi, nikachukua mfuko wangu nikaenda nyumbani."

Sajini alianza kucheka, akaacha.

"Kuanzia kesho yake darasa zima liliniita Aje. Nikisimama kujibu, Aje. Nikienda msalani, Aje. Nikaacha kusimama, nikaacha kujibu. Darasa la tano alikuja mwalimu mgeni, akaita majina, akafika kwangu, wakaitika wote kwa pamoja, Aje." Maji yalikuwa yanachemka, akayatazama. "Sare ilikuwa imechanika kweli, lakini nilikuwa nimeishona."

Raymundi alikuwa ameacha kamba za buti.

Agnetha akainua macho, akamtazama baba yake usoni, mbele ya watu wote.

"Siyo wewe uliyenitoa shule, baba. Waliniita Aje miaka mitano, na siku ile nikaja. Nikaja kwa Kinyamwezi."